Anaimba Lakini Hasemi: Ubongo, Muziki wa Jazi na Mgonjwa wa Kiharusi

Wahudumu wa afya wanaowatembelea wagonjwa wa kiharusi majumbani hukutana mara kwa mara na jambo linaloishangaza familia. Tuchukue mfano wa babu mmoja wa Malolo, katika eneo la Ruangwa na Nachingwea mkoani Lindi. Miezi mitatu iliyopita upande wake wa kulia ulilegea na maneno yakampotea. Akitaka maji huonesha kwa mkono wa kushoto. Akiulizwa jina la mkewe hutoa sauti isiyoeleweka, na machozi humlengalenga. Jioni moja kijana wa jirani anawasha redio, unapigwa wimbo wa bendi ya jazi wa miaka ya 1960, na babu anaimba ubeti mzima, maneno yamenyooka. Nyumba nzima inanyamaza. Kisha mtu mmoja anasema kwa uchungu: kumbe anaweza, siku zote alikuwa anajifanya.

Hajifanyi. Kuimba wimbo uliozoeleka na kuunda sentensi mpya ni kazi mbili tofauti kwa ubongo, na kiharusi kinaweza kuharibu moja na kuiacha nyingine. Njia nzuri ya kuielewa tofauti hiyo ni kutazama namna ubongo unavyousikia na kuubuni muziki wa jazi, kwa sababu jazi huzikutanisha kazi zote mbili: kukumbuka kilichokwisha kujulikana, na kubuni papo kwa papo kile ambacho bado hakijawahi kupigwa.

Jazi ya huku na jazi ya kule

Jazi ilizaliwa katika mji wa New Orleans, Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20, miongoni mwa watu wenye asili ya Afrika. Nchini Tanzania neno hilo lilipokewa na kupewa maana pana zaidi. Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Western Jazz, Tabora Jazz, NUTA Jazz na Kilwa Jazz, iliyobeba jina la mji wa pwani ya mkoa huohuo wa Lindi, zilikuwa bendi za muziki wa dansi. Zilichota zaidi kwenye rumba ya Kuba na ya Kongo, pamoja na ngoma za nyumbani, kuliko jazi ya Marekani yenyewe. Redio ndiyo iliyozifikisha nyimbo zao hadi vijiji vilivyo mbali na kumbi za mijini.

Hata hivyo, mfupa wa muziki huo ni mmoja. Mdundo hukubaliwa na wote, na juu yake mtu mmoja huachiwa nafasi ya kusema la kwake. Katika dansi, waimbaji wakimaliza beti, muziki huingia kwenye chemko, na hapo mpiga gitaa la solo huanza kutafuta njia mpya huku besi, gitaa la ridhimu na tumba zikimshikia barabara. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz alijulikana nchi nzima kwa uwezo huo. Mpangilio kama huo umo katika ngoma za kusini pia: ngoma ndogo hushika mapigo yasiyobadilika, na mpigaji kiongozi hubadili yake akimtazama mchezaji, naye mchezaji humjibu kwa miguu na kiuno.

Safari ya sauti

Sauti ni mtikisiko wa hewa. Mtikisiko huo hugonga ngoma ya sikio, hupitishwa na vifupa vitatu vidogo vya sikio la kati, kisha huingia katika sikio la ndani, kwenye mfereji uliojikunja kama kombe la konokono uitwao koklea. Ndani ya koklea mna seli zenye vinyweleo, kiasi cha 15,000 tu katika kila sikio, ambazo hugeuza mtikisiko kuwa ishara za umeme. Zilizo upande wa mlango wa koklea hupokea sauti nyembamba, kama mlio wa gitaa la solo. Zilizo mwishoni hupokea sauti nzito, kama besi.

Neva ya sikio hupeleka ishara hizo kwenye shina la ubongo, na kutoka hapo hadi kwenye gamba la ubongo, usawa wa masikio. Hapo sauti huchambuliwa: urefu wake, ukali wake, chombo kilichoitoa. Lakini muziki haukai mahali pamoja. Sehemu zinazopanga mijongeo, sehemu za kumbukumbu, za hisia na za lugha huamka pia. Hakuna chumba kimoja cha muziki ndani ya ubongo ambacho kiharusi kinaweza kukifunga chote kwa mara moja. Ndiyo sababu muziki mara nyingi hubaki wakati uwezo mwingine umepotea.

Ubongo unaotabiri

Msikilizaji wa muziki hukaa mbele ya wakati. Kila pigo linapopita, ubongo wake umekwisha kukisia pigo lijalo litaanguka lini. Kazi hiyo inategemea sana vifundo vilivyo ndani kabisa ya ubongo, viitwavyo ganglia za msingi, pamoja na maeneo ya juu yanayopanga mijongeo. Maeneo hayo huamka hata msikilizaji akiwa amelala tuli bila kutikisa kidole. Kwa ubongo, kusikia mdundo ni nusu ya kucheza.

Uwezo huo huanza mapema sana. Mwaka 2009 watafiti nchini Hungaria waliwachezea watoto wachanga wenye siku mbili au tatu mapigo ya ngoma, wakipima umeme wa ubongo wao wakiwa usingizini. Pigo kuu lilipoachwa makusudi, ubongo wa mtoto ulishtuka, kana kwamba ulikuwa ukilingoja.

Utafiti mwingine, uliofanywa nchini Kanada na kuchapishwa mwaka 2005, unaigusa moja kwa moja familia ya Kiafrika. Watoto wa miezi 7 walichezewa mdundo unaoweza kuhesabiwa kwa mbili au kwa tatu. Nusu yao walirushwarushwa mikononi kwa kila pigo la pili, na nusu kwa kila pigo la tatu. Baadaye kila mtoto alipendelea kusikiliza mdundo wenye mkazo uleule aliorushiwa. Mwili ndio uliolifundisha sikio. Mtoto anayebebwa mgongoni kwa kanga na mama anayecheza ngoma hupata somo hilo kabla hajajua kutembea. Ngoma nyingi za Afrika Mashariki huchanganya mbili na tatu kwa wakati mmoja, na anayeyumba nazo mgongoni anajifunza kuzishika zote mbili.

Mdundo unaotabirika kabisa huchosha, na usiotabirika hata kidogo humkwaza msikilizaji. Tafiti zinaonesha kuwa hamu ya kucheza huwa kubwa pale mapigo yanapokiuka matarajio kwa kiasi cha wastani: gitaa linachelewa kidogo, tumba inaruka pigo, lakini msingi haupotei. Wapigaji wa jazi huishi katika nafasi hiyo ya katikati.

Raha pia ina kemia yake. Mwaka 2011 watafiti wa Montreal, Kanada, walionesha kuwa mtu anaposikiliza muziki aupendao, ubongo hutoa dopamini, kemikali ileile inayohusika na raha ya chakula. La kuvutia ni kwamba dopamini ilitolewa mara mbili, katika maeneo mawili tofauti: kwanza wakati msikilizaji akitarajia sehemu aipendayo, kisha sehemu hiyo ilipofika. Anayeijua chemko ya wimbo huanza kuifurahia kabla haijaingia.

Kinachotokea mpigaji anapobuni

Charles Limb, daktari mpasuaji wa masikio nchini Marekani, alitaka kuona ubongo wa mwanajazi ukiwa kazini. Yeye na Allen Braun walitengenezewa kinanda cha plastiki, kisichovutwa na sumaku, ambacho mtu angeweza kukipiga akiwa amelala ndani ya mashine ya MRI. Wapiga kinanda 6 wa jazi walipiga kwanza vipande walivyovikariri, kisha wakabuni vyao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008.

Walipobuni, sehemu kubwa za pembeni za ubongo wa mbele zilipungua kazi. Hizo ndizo zinazojikagua, zinazosahihisha na zinazomzuia mtu asikosee. Wakati huohuo eneo la katikati ya ubongo wa mbele, linalohusishwa na kujieleza na kusimulia habari za nafsi, liliongeza kazi. Ni kana kwamba mkaguzi alitoka nje kidogo ili msimuliaji aongee. Watafiti hao walikuwa waangalifu, na msomaji naye awe hivyo: watu 6 ni wachache, na MRI ya namna hiyo hupima mtiririko wa damu yenye oksijeni, haisomi mawazo.

Utulivu huo wa mkaguzi hauji bure. Utafiti wa Uswidi wa mwaka 2014, uliohusisha wapiga piano 39, ulionesha kuwa kadiri mtu alivyokuwa na saa nyingi zaidi za kubuni muziki maishani mwake, ndivyo baadhi ya maeneo ya udhibiti yalivyofanya kazi kidogo, huku maeneo ya kupanga na ya mijongeo yakiwasiliana kwa ukaribu zaidi. Uhuru wa mpiga solo ni matunda ya mazoezi ya miaka mingi.

Mwaka huohuo wa 2014 Limb na wenzake walichapisha jaribio jingine. Wapigaji wawili waliachiwa kujibizana, mmoja akipiga mafungu manne ya mapigo na mwenzake akimjibu. Safari hii yaliamka maeneo ya lugha, likiwamo eneo la Broca, lile lile ambalo, likiharibika upande wa kushoto, humnyima mtu usemi. Eneo jingine, linalohusika na maana za maneno, lilipungua kazi. Wapigaji wanaojibizana hutumia sarufi ya mazungumzo bila kamusi yake.

Kukumbuka si kubuni

Sasa turudi kwa babu wa Malolo. Kila sentensi ambayo mtu husema katika maisha ya kawaida ni ubunifu wa papo kwa papo. “Niletee maji, lakini yasiwe baridi” haikukaririwa popote. Ubongo umeipanga sasa hivi, kwa kuchagua maneno, kuyafuatanisha na kuyaagiza midomoni. Kazi hiyo hutegemea sana upande wa kushoto wa ubongo kwa watu walio wengi. Kiharusi kinapoharibu upande huo hutokea afasia, yaani upotevu wa usemi, ingawa akili, kumbukumbu na upendo wa mgonjwa vinaweza kuwa bado vipo.

Wimbo wa zamani ni jambo jingine. Maneno yake hayapangwi upya. Yamehifadhiwa kama mnyororo, na kila pete huivuta nyingine. Sala, salamu, kuhesabu moja hadi kumi na hata matusi huhifadhiwa kwa namna inayofanana na hiyo. Utafiti wa Ujerumani wa mwaka 2011 kwa wagonjwa 17 wa afasia uliuliza ni kitu gani hasa kinachowasaidia wakiimba. Jibu halikuwa lahani. Kilichowasaidia zaidi kilikuwa mdundo, hasa kwa wale ambao ganglia zao za msingi zimeumia, pamoja na maneno yaliyozoeleka. Mapigo ya tumba na miaka mingi ya kuusikia wimbo uleule ndivyo vilivyompitisha babu.

Kwa hiyo wimbo si ushahidi kwamba mgonjwa anadanganya, wala si dalili kwamba amepona. Ni dalili kwamba mlango mmoja umebaki wazi. Kumwambia anajifanya ni kumwongezea jeraha mtu asiyeweza kujitetea.

Mlango huo unatumikaje

Tangu mwaka 1973 wataalamu wa Boston, Marekani, wamekuwa wakitumia tiba ya usemi kwa lahani: mgonjwa hufundishwa kutamka kifungu kifupi kwa kukiimba taratibu, huku mkono wa kushoto ukigongwa kwa kila silabi, kisha uimbaji hupunguzwa kidogokidogo hadi kubaki usemi. Tiba kamili huhitaji mtaalamu wa usemi, na wataalamu hao ni wachache. Lakini mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kuisaidia familia kufanya mazoezi mepesi yasiyo na madhara.

Kichaguliwe kifungu kimoja ambacho mgonjwa anakihitaji kila siku, kama vile “nataka maji” au “naumwa hapa”. Msaidizi akae mbele yake, auone mdomo wake. Akigonge kifungu hicho taratibu kwenye kiganja cha kushoto cha mgonjwa, pigo kwa silabi: na-ta-ka ma-ji. Waimbe pamoja mara kadhaa, kisha msaidizi anyamaze katikati na kumwachia mgonjwa amalizie. Dakika kumi au kumi na tano, mara mbili kwa siku, zatosha. Mgonjwa akichoka au akikasirika, waache. Kifungu kimoja kikishikika, ndipo kiongezwe kingine. Mara nyingi vifungu vilivyofanyiwa mazoezi ndivyo vinavyorudi. Mazungumzo huru huchelewa zaidi, na kwa wengine hayarudi yote. Familia ielezwe ukweli huo mapema.

Kusikiliza peke yake pia kuna faida. Utafiti wa Ufini uliochapishwa mwaka 2008 uliwahusisha wagonjwa 60 wa kiharusi. Waliosikiliza muziki walioupenda kwa saa moja hivi kila siku, kwa miezi miwili, walipata nafuu zaidi ya kumbukumbu ya maneno na ya umakini kuliko waliosikiliza vitabu vilivyosomwa au ambao hawakupewa chochote. Muziki achague mgonjwa mwenyewe: dansi, taarabu, kaswida, kwaya au ngoma ya kwao. Kinachomfaa ni kile alichokipenda kabla ya kuugua.

Mdundo na miguu iliyoganda

Ugonjwa wa Parkinson huharibu seli zinazotengeneza dopamini kwa ajili ya ganglia za msingi, zilezile zinazoutabiri mdundo. Mgonjwa hutetemeka, hukakamaa, hatua zake hufupika, na mara nyingine miguu huganda mlangoni kana kwamba imegundishwa sakafuni. Wengi hudhani ni uzee tu. Uchunguzi uliofanywa wilayani Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2008 uliwapata wagonjwa 33, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa kuwa wana ugonjwa huo.

Saa ya ndani ikilegea, mdundo wa nje unaweza kuazima nafasi yake. Tafiti tangu miaka ya 1990 zimeonesha kuwa wagonjwa wengi wa Parkinson hutembea kwa hatua ndefu na za haraka zaidi wakifuata mapigo yanayosikika, na njia hiyo imetumika pia kwa waliopooza upande mmoja. Zihesabiwe kwanza hatua za mgonjwa mwenyewe kwa dakika moja, kisha ichaguliwe nyimbo au makofi ya kasi hiyohiyo, bila kumharakisha. Njia iwe tambarare, isiwe na mikeka wala vyombo, na mtu mmoja atembee ubavuni mwake. Mazoezi haya hayachukui nafasi ya dawa. Levodopa iendelee kutumiwa kama daktari alivyoagiza.

Kuwahi hospitali na kulinda masikio

Hakuna wimbo unaotibu kiharusi kinapoanza. Uso ukipinda upande mmoja, mkono au mguu ukilegea ghafla, usemi ukivurugika, mgonjwa apelekwe mara moja kwenye kituo cha afya kilicho karibu ili apewe rufaa ya hospitali, na saa dalili zilipoanza ikumbukwe. Asipewe chakula, maji wala dawa mdomoni kabla ya kupimwa uwezo wa kumeza. Familia zinazoamini kuwa ametupiwa jini zisibezwe. Zielezwe kwa upole kwamba kila saa inayopita nyumbani inaua seli za ubongo. Na kwa kuwa shinikizo la juu la damu ndilo chanzo kikubwa cha kiharusi, kupima shinikizo na kumeza dawa bila kukatiza ni kinga isiyo na mbadala.

Muziki wenyewe nao una hatari moja. Seli zenye vinyweleo za koklea zikifa haziotoi tena. Sauti ya desibeli 85 inavumilika kwa saa 8. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda huo hukatika nusu, hata desibeli 100, kiwango cha spika kubwa za sherehe, kubaki salama kwa dakika 15 tu. Wapigaji, warusha muziki na watoto wanaolala karibu na spika ndio walio hatarini zaidi. Kusogea mbali, kupumzisha masikio na kuvaa vizibo ni hatua rahisi. Masikio yanayovuma siku ya pili baada ya sherehe yamekwisha kuonya.

Babu wa mfano wetu huenda asirudi kusimulia kama zamani. Lakini mkewe akikaa mbele yake, akashika kiganja chake cha kushoto na kugonga taratibu, inawezekana siku moja neno la kwanza la kifungu kipya likaja juu ya pigo. Liwe jina lake.